Fosi akaunti au mkandarasi kwa sekondari mpya ya kata: niliyoyaona kwenye saiti nne

Ndugu mleta uzi, umesema kata yenu imepata fedha za sekondari mpya, umechaguliwa kuingia kamati ya ujenzi, na kikao cha kijiji kimegawanyika. Mtendaji anataka fosi akaunti, wazee wanataka mkandarasi "ili kazi iwe na mwenyewe". Umeuliza ipi bora. Nimekuwa mwalimu tangu enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), nikawa mkuu wa shule ya sekondari kwa miaka kumi na mbili huku Kanda ya Ziwa, na nimesimamia au kushiriki ujenzi wa aina zote unazozitaja. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu nyumba za shule hukaa miaka hamsini, na makosa ya miezi mitatu ya kwanza hukaa nazo.

Kwanza, kwa wasiojua. Fosi akaunti ni pale halmashauri au shule yenyewe inapojenga bila mkandarasi: kamati inanunua saruji, nondo, mbao na mabati, halafu inaingia mkataba na fundi wa kazi ya mikono tu. Jina ndilo limeenea karibuni, lakini jambo lenyewe ni la siku nyingi. MMEM ilipoanza 2002, kamati za shule za msingi zilipelekewa fedha zikajenga madarasa namna hiyo hiyo, na mimi kijana nilikuwa nahesabu mifuko ya saruji baada ya vipindi.

Saiti yangu ya kwanza kama mkuu haikuwa fosi akaunti wala mkandarasi. Ilikuwa nguvu za wananchi, lile agizo la 2012 kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na muda ukawekwa hadi Novemba 2014. Watu wa kata yetu walijitoa kweli. Akina mama walibeba mawe kutoka mlimani, kila kaya ikachanga. Kuta zikafika kwenye lenta, michango ikakauka, na boma likasimama wazi misimu mitatu ya mvua. Tulipokuja kupata fedha za kupaua, kozi nne za juu (mistari ya matofali) zilivunjwa na kujengwa upya. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "wananchi wachangie msingi, serikali itamalizia", nauliza kwanza fedha za kumalizia ziko kwenye akaunti ipi. Kama hazipo, msianze.

Ya pili ilikuwa ya mkandarasi: bwalo na nyumba ya walimu pacha. Halmashauri ilitangaza zabuni, akapatikana mkandarasi mwenye usajili wa daraja la chini. Alianza vizuri. Tatizo halikuanzia kwake. Hati yake ya pili ya malipo ilikaa halmashauri miezi minane. Mtaji wake ukaisha, mafundi wakamkimbia, akahamisha hata mashine ya kuchanganyia zege. Aliporudi bei zilikuwa zimepanda na yeye anadai nyongeza, halmashauri nayo inadai fidia ya kuchelewa. Mwisho mkataba ukavunjwa akaletwa mwingine.

Huyu wa pili ndiye anayenifanya nisimtukane mkandarasi hadi leo. Alimaliza, tukapokea jengo, na mvua za kwanza bwalo likavuja kwenye kofia ya paa. Nilimpigia simu. Alikuja na watu wake watatu, akafumua, akarekebisha, hakudai hata nauli. Alifanya hivyo kwa sababu sehemu ya fedha yake ilikuwa bado imeshikiliwa na halmashauri mpaka kipindi cha uangalizi kiishe.

Sasa fosi akaunti. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya athari za UVIKO-19, na madarasa 15,000 yakajengwa: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama. Hesabu ilikuwa shilingi milioni 20 kwa chumba. Shule yangu ilipata vyumba vinne, milioni 80, na watoto wa kidato cha kwanza walitakiwa kuvikalia Januari 2022. Kwa mkandarasi, vyumba vile visingejengwa kwa fedha ile. Hilo nalikubali bila kupepesa, na ndilo linalowafanya viongozi waipende njia hii.

Lakini tazama fedha iliyookolewa ilitoka wapi. Mkandarasi hulipwa faida, kweli. Ila ndani ya bei yake kuna pia mtu wa kukaa saiti kutwa, mtunza stoo, mlinzi, lori, mtaji wa kununua kabla ya kulipwa, na tahadhari ya mambo yakiharibika. Ukimwondoa yeye, kazi hizo haziondoki. Kwetu alizichukua mwalimu wa taaluma, makamu wangu na mimi. Nilikuwa nafundisha Hesabu kidato cha nne. Oktoba ile, wiki za mwisho za marudio kabla ya mtihani wa taifa, nilikuwa dukani mjini nagombania mabati na wakuu wenzangu, kwa sababu kila shule ya wilaya ilinunua wiki hiyo hiyo na wenye maduka walijua tuna tarehe. Watoto wale walikosa vipindi vyangu. Hakuna mchanganuo wa gharama ulioandika hicho, na mimi bado kinaniuma.

Na kosa la ufundi lilikuwepo. Fundi tuliyempa alikuwa amechukua kazi katika shule tatu kwa pamoja. Akawa anatuachia vijana. Kifusi cha kibaraza hakikushindiliwa kwa tabaka, kilimwagwa chote na jamvi, yaani zege la sakafu, likamwagwa juu. Baada ya masika kibaraza kikakatika urefu wote wa vyumba viwili. Tulikuwa tumeshamlipa hadi senti ya mwisho, maana tarehe ilitubana nami nikasaini. Simu yake haikupatikana. Tulirekebisha kwa fedha ambazo zingenunua vitabu.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi wa kamati hawalijui. Kanuni za Ununuzi wa Umma za 2013, ile ya 167, zilitaja hali zinazofaa fosi akaunti: kazi ndogo zilizotawanyika, maeneo ya mbali ambako mkandarasi hawezi kuja kwa bei ya maana, kazi isiyopimika vizuri mapema, dharura. Pia zilitaja hali ambapo hatari ya kazi kukatizwa ni afadhali ibebwe na mwenye mradi kuliko mkandarasi. Sheria imekuwa mpya tangu 2023, lakini hoja hiyo haijazeeka. Kuchagua fosi akaunti ni kukubali kwamba mvua, udongo, bei na fundi mtoro ni mzigo wenu. Basi msiulize tu ni njia ipi nafuu. Ulizeni nani kwenye kata yenu ataubeba huo mzigo, na ana muda?

Udongo hasa. Umesema eneo mlilopewa liko karibu na mbuga. Kama ni ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, simamisheni kila kitu mpaka mhandisi wa halmashauri aje achimbe mashimo ya majaribio. Fedha za madarasa huja kwa kiwango kimoja nchi nzima. Mwenye ardhi ya changarawe anachimba mita moja, mwenye mbuga anachimba mpaka mbili na zaidi, na wote wanapewa kiasi kile kile. Kwenye mkataba wa mkandarasi huwa kuna fungu la dharura na utaratibu wa kurekebisha kazi. Kwenu hakuna, kwa hiyo msingi utakula paa. Nimeona shule iliyomaliza fedha ikiwa bado haina milango kwa sababu hiyo tu. Kama mnaweza kubadilisha eneo, badilisheni sasa, hata kama mwenye shamba ni mtu mkubwa na ameshapiga picha anakabidhi.

Saiti ya nne ndiyo ninayoweza kuipendekeza kama mfano. Ilikuwa sekondari mpya ya kata jirani, 2022, mradi wa SEQUIP (wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari), awamu ya kwanza milioni 470: madarasa manane, maabara tatu, utawala, maktaba, chumba cha TEHAMA, vyoo. Nilikuwa nimeombwa niwasaidie kamati. Ilikuwa fosi akaunti, na ilikwenda vizuri.

Tulianza na matofali kabla ya kusaini na fundi yeyote wa kujenga. Kikundi kimoja, uwanja mmoja, na tukaandika kwenye mkataba kwamba mfuko mmoja utatoa matofali 28 ya inchi sita, yamwagiliwe siku saba. Aliyekuwa anafyatua 45 kwa mfuko kule jirani alikuwa anauza mchanga uliokaushwa. Mchanga na kokoto tulipima bodi ya lori kwa futi, urefu, upana na kina, tukalipa kwa ujazo. Neno "tripu" tulilipiga marufuku. Saruji ya 42.5, yenye nguvu zaidi, ilikwenda kwenye zege la msingi, nguzo na lenta, ya 32.5 kwenye kujengea na lipu, na stoo ilikuwa na rafu mbili tofauti ili fundi asije kusema alichanganya kwa bahati mbaya. Mabati geji 28, na kamati ya mapokezi ilipima kila bando mbele ya dereva. Geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi, iliyochorwa 28 ilirudishwa mara mbili.

Mafundi walikuwa wanne, kila mmoja na majengo yake, hakuna aliyeruhusiwa kuwa na kazi nyingine wilayani. Malipo yalifuata hatua: jamvi, lenta, kupaua, umaliziaji. Hakuna hatua iliyolipwa mpaka mhandisi au fundi sanifu wa halmashauri asaini kwenye kitabu cha saiti, na asilimia 10 ya malipo ya ufundi ilibaki mpaka mvua za kwanza zipite. Mafundi walilalamika mwanzo. Tuliwaeleza kwamba wakandarasi wote hufanyiwa hivyo, wakakubali. Mvua ilipokuja, mmoja alirudi kuziba mahali palipovuja kabla hatujamwita.

La muhimu kuliko yote: tuliomba mkurugenzi atupe msimamizi mmoja wa kukaa pale. Alitupa fundi sanifu kijana, akalala kwenye nyumba ya mtendaji miezi mitano. Mwalimu aliyekuwa kiongozi wa mradi hakuwa na vipindi kipindi hicho, na hilo liliandikwa kwa barua, siyo kwa maneno. Kama mkurugenzi wenu hawezi kuwapa hivyo vitu viwili, mimi ningeungana na wazee: tafuteni mkandarasi.

Siyo lazima iwe moja ya hizo mbili kwa mradi mzima. Kenya walipojenga madarasa 10,000 ya mtaala mpya kuanzia mwishoni mwa 2021, kwa shilingi zao 788,000 kila moja, waligawa kazi kwa wakandarasi wadogo wa maeneo ya shule. Nawe unaweza kuiuliza halmashauri: madarasa na vyoo viende fosi akaunti, halafu maabara, zenye mabomba ya gesi na maji, apewe mkandarasi wa karibu mwenye usajili wa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi). Na mkifika mahali eneo ni dogo mnalazimika kwenda ghorofa, hapo sina mjadala. Ghorofa apewe mkandarasi mwenye daraja linalostahili, na mhandisi mshauri. Fundi wetu wa kijijini anajua lenta, hajui slabu ya juu ya vichwa vya watoto mia mbili.

Mambo madogo mawili kabla sijakuacha. Manunuzi sasa yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na hata mafundi wanatakiwa kusajiliwa humo, kwa hiyo wenye kazi nzuri kata yenu waanze kujisajili wiki hii, wasije wakaachwa kwa sababu ya namba ya NIDA. Na kila mzabuni awe anatoa risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na ajue mapema kwamba asilimia 2 ya kodi ya zuio itakatwa, maana wengine wakiisikia wakati wa malipo wanagoma kushusha mzigo.

Kuhusu kikao chenu cha Jumamosi: usiende kupiga kura ya fosi akaunti au mkandarasi. Nenda uombe mhandisi aje aone udongo, na umuulize mtendaji jina la mtu atakayekaa saiti kila siku. Ukishapata mchanganuo wa vifaa, uweke hapa hapa kwenye uzi, ukurasa wa msingi na wa kupaua hasa. Nitaupitia mstari kwa mstari.