Zimwi limechoka au amechoka?

SWALI: Mimi na wenzangu tuna mchezo wa kuigiza ambao kila mmoja huchagua kiumbe wa kubuni anayetaka kuwa. Mimi ni zimwi, mwenzangu ni elfu, yule wa masikio yaliyochongoka. Kila nikisema "zimwi limechoka" hunikatiza: "Sema amechoka, zimwi lina uhai!" Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe. Ningeishia hapo, lakini mwenzio amenitonesha kidonda cha siku nyingi.

Kwanza msikilize vizuri. Anasema zimwi "lina" uhai. Yaani katikati ya kukusahihisha, ulimi wake umekuunga mkono, naye hana habari.

Wapo watu waliotoka darasani na kanuni moja tu, kwamba chenye uhai ni A-WA, nao huitembeza kama fimbo. Kanuni yenyewe si mbaya. Ndiyo inayotufanya tuseme kifaru amekimbia na kiboko amezama, japo kwa umbo ni watoto wa KI-VI. Ila Kiswahili kina namna ya kumtoa kiumbe katika safu ya viumbe wa kawaida, nayo ni kumvua hiyo A-WA. Mtu akipita kipimo huwa jitu, nalo limeziba mlango. Nyoka akipita kipimo huwa joka, nalo linatema moto. Na mizimu je? Mizimu imekasirika. Hapo uhai tusiutaje kabisa, maana wahusika walishakufa.

Zimwi limo humo humo. Si neno la kuazima kama jini, lililotufikia kutoka Kiarabu. Ni la Kibantu, na Wazulu wana ndugu yake, izimu. Ushahidi tunao mdomoni kila siku: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hebu mpe mwenzio methali hiyo aitie sabuni. "Zimwi akujuaye hakuli akakwisha." Unaliona? Lile dude la kutisha limegeuka jirani mpole aliyekuja kuazima ngazi. Tena sikiliza mdundo: likujualo, halikuli, likakwisha. Ile li inarudi na kurudi kama hatua za kitu kizito kinachokuja gizani. Ondoa li, umeliondoa zimwi lenyewe. Na kwa kuwa tumefika hapo, wale wanaodhani "likakwisha" maana yake ni zimwi kwisha, watulie: ni li-ka-ku-isha, likakumaliza wewe. Zimwi halina mpango wa kwisha.

Nimewahi kurudishiwa andiko langu na mhariri aliyebadilisha kila "limemmeza" kuwa "amemmeza". Hadithi ya kutisha ikasomeka kama taarifa ya mkutano.

Sasa tumgeukie msahihishaji, ambaye kwa hiari yake amechagua kuwa elfu. Elfu ngapi? Akiwa peke yake, ni elfu mmoja au elfu moja? Wakija kumi, ni elfu kumi wameingia msituni, na msikilizaji ataanza kutafuta msitu wa kuwatosha. Wakiwa wengi ni maelfu, basi maelfu watatu wamejificha nyuma ya mti mmoja. Neno elfu lina mwenyewe tangu tulipolichukua kwa Waarabu, na kazi yake ni kuhesabu. Huyo kiumbe aitwe elfi, wingi maelfi, na yeye mpeni A-WA bila ubishi: elfi amevuta upinde. Ni mwembamba, anachana nywele, anaimba. Li ingemwelemea.

Je, "zimwi amechoka" ni kosa? Miaka ya nyuma ningepiga meza. Siku hizi nimepoa kidogo. Zimwi likiwa mhusika mwenye jina, mke na madeni, msimulizi akamwita "amechoka", nitaguna na kufungua ukurasa unaofuata. Likiwa bado linakula watu, nadai li yangu.

Mimi ningepewa nafasi katika mchezo wenu ningechagua kuwa joka. Joka hulala juu ya hazina yake na hakuna anayelisogelea kulisahihisha ngeli.

Wewe, kwa kuwa ndiwe zimwi, una njia ya mkato. Mwenzio akianza tena, mtazame machoni useme: "Nimechoka." Kisha mle.