Mama anatembea kila asubuhi, mbona kuinuka kitini bado ni shida?

Pole, ndugu. Mama wa miaka 70 anayetembea kila siku halafu anajishika meza ili ainuke hajafanya kosa: matembezi hujenga moyo na pumzi, ila mapaja yanataka kazi nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na ya kujenga uthabiti wa mwili siku 3.

Anzeni na kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Avue ndala, kanga aipandishe isimkwaze. Akae nusu ya mbele, nyayo azirudishe nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame huku akitoa pumzi. Kushuka ni polepole, kwa hesabu ya 3. Wengi hujibwaga, na kushuka ndiko hasa kunakojenga paja! Mara 8, apumzike dakika 1, arudie. Akishindwa, ongezeni mto kitini.

Kisha ashike meza, asimame mguu mmoja sekunde 10. Kifua kikibana au akipata kizunguzungu, aache na mumpeleke kituo cha afya.