Re: Kuzidisha matriksi kidato cha nne

Mwalimu mwenzangu wa Mbagala, umeuliza kwa nini wanafunzi wanajumlisha matriksi (namba zilizopangwa kwa safu za mlalo na za wima) vizuri lakini kuzidisha kunawashinda. Wengi hudhani ni namba kwa namba, kama kwenye kujumlisha. Kabla ya kanuni, mimi huanza na mama ntilie. Jumatatu: chapati 3, chai 2. Jumanne: chapati 1, chai 4. Hizo ni safu mbili za mlalo. Bei, 500 na 300, naziandika wima pembeni. Wanafunzi wenyewe wanatafuta deni la kila siku: 3×500 + 2×300 = 2,100, halafu 1,700. Wameshazidisha matriksi hata kabla ya kulisikia neno! Kisha geuza, tanguliza bei. Wataona haizidishiki, na hapo ndipo suala la mpangilio linawaingia kweli.