Kozi nne za utangulizi zilinipotezea miaka miwili, usirudie

Mdogo wangu, futa huo mpango. Ufute kabla fomu haijafika ofisini.

Uzi wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Unasema shule yenu ina kozi za utangulizi wa ufundi: useremala, uchomeleaji, magari na umeme. Una miaka minne ya sekondari mbele yako, basi utachukua moja kila mwaka "ili nijue nakipenda kipi". Halafu ukauliza kama vyeti vyake vinatambulika, ununue laptop gani, na kama wasichana wanaiweza karakana. La vyeti nitalifikia, hayo mengine siku nyingine. Kwanza hili la nne kwa minne, maana ndivyo nilivyofanya mimi, kwa mpangilio huohuo, umeme ukiwa wa mwisho. Nilidhani umenakili maisha yangu.

Aliyenipeleka huko ni mshauri wa wanafunzi, bwana mmoja mwenye kiti cha kuzunguka na ukuta uliojaa mabango ya watu waliovaa helmeti huku wanacheka. (Nimefanya kazi na mafundi miaka mingi, sijaona anayeichekea helmeti yake.) Akaniambia, "Zinaitwa za utangulizi kwa sababu hiyo. Onja zote, mwisho utajua." Nikaona hekima hiyo. Leo najua alikuwa na viti vya kujaza kwenye madarasa manne, na mimi nilikuwa na makalio.

Ambacho hakusema ni kwamba kozi za utangulizi zinafanana karibu nusu nzima. Mwaka wa kwanza, useremala: funga nywele, vua pete, mikono ya shati isining'inie, vaa miwani, kitufe chekundu cha kuzimia mashine kile pale. Mtihani wa usalama, ukikosa swali moja hugusi mashine. Sawa, sina ugomvi na hilo, vidole havioti tena. Halafu kupima kwa milimita, halafu kusoma mchoro, halafu muhula ukiwa unakata roho tukatengeneza rafu moja moja. Mwaka wa pili, uchomeleaji: funga nywele, vua pete, kitufe chekundu, milimita, mchoro. Mwaka wa tatu, magari: funga nywele, vua pete... Umeelewa. Nilimaliza shule nikiwa bingwa wa kuvaa miwani. Nikiingia jengo lolote leo, kabla sijasalimia nimeshajua kizima moto kiko wapi.

Mali niliyovuna kwa miaka minne: rafu inayoegemea kushoto, bamba la chuma lenye mistari ya weldi kama minyoo iliyofia njiani, kubadili tairi na oili, na balbu moja inayowashwa kwa swichi moja.

Na kinachouma ni kwamba umeme niliupenda. Siku moja tulipewa betri ya volti 12 na rezista, kile kipande cha kupunguza mkondo wa umeme, ya omu 240. Volti gawanya kwa omu, daftarini nikapata miliampea 50. Nikaikata njia, nikaiingiza mita katikati, mkono unatetemeka, ikasoma 49. Wengine walipiga miayo. Mimi nilijisikia kama mtu aliyebisha hodi ukutani, ukuta ukamjibu karibu.

Nikamfuata mwalimu, nikamwambia nataka kozi ya pili ya umeme. Akauliza, "Uko mwaka wa ngapi?" Nikamwambia wa mwisho. Akakaa kimya kidogo. Kozi ya pili ilikuwa inaanza mwaka unaofuata, na ya tatu huingii bila ya pili. Mwaka unaofuata mimi nilikuwa mtaani na cheti changu cha kuonja.

Sikukata tamaa, ujinga una stamina. Nikaomba uanagenzi wa umeme, na kwenye fomu nikaorodhesha kozi zote nne kwa fahari, nikijua nimewapiga bao wenzangu wenye fani moja. Siku ya usaili kila mtu akapewa ubao, swichi mbili za njia mbili, balbu na waya. Taa ya ngazini: uiwashe chini, uizime juu, na kinyume chake. Dakika 40. Jirani yangu alimaliza mapema akaanza kuokota vipande vyake vya waya. Mimi nilimaliza nikilowa jasho.

Msaili akabonyeza swichi ya chini, taa ikawaka. Nikatabasamu. Akabonyeza ya juu, ikazima. Nikatabasamu zaidi. Akarudi ya chini, akabonyeza: giza. Akabonyeza tena: giza. Waya wa moto, ule unaoleta umeme, nilikuwa nimeufunga kwenye tundu la L1, moja ya mawili ya kuunganisha swichi na mwenzake, badala ya tundu la pamoja, kwa hiyo taa ilikuwa inawaka pale tu swichi zote mbili zikiwa zimekaa upande mmoja fulani. Ukiizima ukiwa juu, wa chini hana lake tena, apande gizani. Kosa hili linarekebishwa mwanzoni kabisa mwa kozi ya pili. Ile ambayo sikuisoma.

Akaniuliza nimesoma umeme muda gani. Nikamwambia mwaka mmoja, ila nina useremala pia. Akasema, "Hapa hatuna mbao."

Nikaanza upya, madarasa ya jioni, kwa hela yangu, miaka miwili, nikikaa na watoto wa rika lako. Na wiki ya kwanza unajua tulisoma nini? Funga nywele, vua pete. Mara ya tano maishani.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, nimeilipia: usijisajili kozi ya kwanza ya fani kabla hujaiona ya pili ya fani hiyohiyo. Kuiona maana yake iko kwenye ratiba, ina mwalimu, na unajua unaruhusiwa kuiingia mwaka gani. Wakikwambia "itafunguliwa wanafunzi wakitosha", hiyo haipo. Kisha hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kumaliza shule. Fani ikiwa na kozi tatu, moja kwa mwaka, na wewe una miaka minne, basi mwaka wa kuchezea ni mmoja tu. Ukichezea na wa pili, kozi ya tatu imeshakupita.

Na si mimi peke yangu mwenye kichaa hiki. Marekani, sheria yao ya elimu ya ufundi ya 2018, wanaiita Perkins V, haimhesabu mwanafunzi wa sekondari kuwa amejikita kwenye fani mpaka amalize angalau kozi 2 za programu moja. Mimi na nne zangu nisingehesabika popote. Ujerumani mwanagenzi anakaa na fani moja kati ya miaka 2 na 3 na nusu, hakuna cha kudonoa.

Utaniuliza sasa utajuaje unachokipenda. Nenda kasimame kwenye kozi ya pili mchana mmoja tu. Utangulizi wowote unapendeza, umetengenezwa upendeze. Kamwangalie mtu anayechomelea juu ya kichwa, cheche zinamdondokea kolani, mwalimu anamwambia kata, rudia, na hiyo ni mara ya kumi tangu asubuhi. Ukitoka pale bado unataka, basi unataka kweli.

Vyeti: tazama nani katia sahihi. Sahihi ya shule peke yake inasema ulihudhuria. Mwajiri anataka cheti cha mtahini wa nje aliyekuona ukifanya kazi, na hicho mara nyingi kinakuja baada ya kozi za mbele, si za utangulizi. Tumerudi palepale.

Najua atatokea mdau hapa aseme yeye alionja zote na leo ni injinia. Hongera mkuu, na salamu kwa mjomba wako mwenye kampuni.

Kesho asubuhi mpite huyo mshauri wenu kama humjui, nenda moja kwa moja kwa mwalimu wa umeme. Muulize kozi ya pili inaanza lini na wewe utaingia mwaka gani. Akikuonesha ratiba, ipige picha uilete hapa tuihesabu pamoja. Akianza kukusifia miwani mipya ya usalama, kimbia.