Kabla ya tingatinga kuingia ploti ya jirani

Mimi ni katibu wa chama cha wakazi huku Milimani, Nakuru, na kila ubao wa mradi mpya unapobandikwa kwenye uzio wa mabati, simu yangu huanza kulia. Swali ni lile lile: "Mama, hizi fleti tunazizuiaje?" Jibu langu huwaudhi wengi. Hamtazizuia, wala si lazima mzizuie. Mnachoweza ni kuwa na usemi juu ya namna zitakavyojengwa, mradi mfike mapema na mseme mambo yanayoweza kuandikwa kwenye barua ya kibali.

Nakuru ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Walimu, wauguzi na vijana wa maduka ya simu wanaomiminika hapa wanahitaji pa kulala. Fleti tukizikataa Milimani, zitaota kwenye mashamba ya mahindi kule Kiamunyi na Lanet, au watu watazidi kubanana Kaptembwo. Sijaona mtu aliyekosa nyumba huku kwetu akafunga virago kurudi kijijini. Kwa hiyo ukija kikaoni useme hutaki "watu wa bedsita", yaani wapangaji wa chumba kimoja, karibu nawe, mimi nitakuwa wa kwanza kukupinga, na afisa wa mipango atafunga daftari lake.

Kwanza jueni nani anafanya nini. Wengi huandikia bodi ya jiji, kisha wakangoja. Bodi hiyo, ambayo kisheria haizidi watu 11, husimamia huduma na mipango ya jiji, na ni vizuri ipate nakala. Lakini kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kibali cha ujenzi hutolewa na waziri wa kaunti anayeshughulikia mipango. Pingamizi lenu liende kwake, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokewa. Msisitize muhuri, hata karani akinuna. Barua isiyo na muhuri haijawahi kufika popote.

Siku nazo hazingoji mtu. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ombi lake huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Uamuzi ukitolewa na haukuwaridhisha, mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya upatanishi wa mipango, na baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hapa pana mtego. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa haki ya kuomba nakala za michoro, lakini ofisi ina siku 21 za kuwajibu. Mkisubiri michoro ndipo muandike rufaa, mlango utakuwa umeshafungwa. Andikeni kwa kile mnachokijua, mengine mtayaongeza mkishayapata.

Halafu kuna yule kijana wa getini mwenye fomu. Mradi mkubwa huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira kabla NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, haijatoa leseni, na mshauri aliyeajiriwa na mwenye mradi hutuma vijana kukusanya maoni ya majirani. Huja saa za jioni, adabu tele: jina, namba ya simu, unaunga mkono maendeleo, weka sahihi hapa. Nani atasema hapendi maendeleo? Msiweke sahihi fomu ambayo hamjaisoma. Andikeni dukuduku lenu kwenye nafasi ya maoni, hata ikibidi kuandika pembeni mwa karatasi, kisha mpige picha ukurasa mzima kabla haujaondoka.

Sasa kwenye kikao chenyewe. Sura ya mtaa ni kitu kigumu kukitetea kwa sababu kila mtu huisikia moyoni na hakuna anayeweza kuipima. Mwenye ploti moja hapa jirani alitaka kujenga orofa tano, nyumba 40, nafasi za magari 9, na saruji kuanzia ukuta hadi ukuta. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akaeleza Milimani ilivyokuwa zamani, ua za michongoma, ndege asubuhi, watoto kuendesha baiskeli katikati ya barabara. Aliongea vizuri hadi wengine tukalengwalengwa na machozi. Afisa alimsikiliza kwa heshima zote na hakuandika neno.

Kisha mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza: "Samahani, maji ya hilo paa yanaelekea wapi?"

Msanifu akapekua karatasi zake. Mfereji kwenye mchoro ulishuka kando ya jengo ukaishia kwenye ukuta wa nyuma, basi. Ng'ambo ya ukuta huo ni jiko la mtu. Hapo ndipo kalamu zilipotoka.

Swali la yule mama lilikuwa na uzito kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Mji wetu umelala kwenye mteremko, kreta ya Menengai ikiwa kaskazini na ziwa kusini. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutoka miteremko ya juu, hupita kwetu, na kuwafikia watu wa mitaa ya chini kama Kivumbini na Lakeview wakiwa hawajui hata yametokea wapi. Mwisho wake ni ziwani, na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka: uchafu unaoingia humo hauna njia ya kwenda mbele. Ziwa hilo limo kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 1990. Kwa hiyo bustani na ua wa michongoma ambao mzee aliulilia una kazi. Ndipo maji yanapopata ardhi ya kuyanywa kabla hayajafika kwa mtu wa chini. Ukisema "tunapenda kijani" unaonekana tajiri anayelinda mandhari yake. Ukisema "theluthi ya ploti isiwekwe saruji, maana kila tone tunalolisukuma litaingia kwa mama wa Kivumbini," umesema jambo lile lile, na sasa linaandikika.

Tuliondoka pale na masharti: tangi la kuvuna maji ya paa, sehemu ya mbele ibaki udongo, jakaranda mbili za kando ya barabara zisiguswe, jengo liunganishwe na bomba la maji taka badala ya shimo la kunyonywa na lori, na maegesho ya kutosha. Orofa tano zilibaki tano. Kuna waliokasirika nami kwa hilo, na hawajaniamkia vizuri hadi leo.

Nisieleweke kwamba sura ya mji ni bangalo za Milimani peke yake. Mimi hasa kinachoniuma ni katikati ya mji. Maduka ya zamani yana baraza mbele, paa limetokeza hadi kwenye njia ya miguu, na chini yake utamkuta fundi cherehani na mashine yake, fundi viatu, mama wa njugu, na watu wanaojikinga mvua. Duka likibomolewa, jengo jipya huinuka na vioo hadi ukingo wa barabara, na baraza haipo tena. Hakuna aliyemfukuza fundi. Alikosa tu pa kuweka mashine. Nao ni mji ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2021 kwenye mtandao wake wa miji bunifu, kwa upande wa ufundi na sanaa za jadi! Kumtaka mjenzi wa katikati ya mji arudishe baraza kwenye orofa ya chini hakumpunguzii hata chumba kimoja cha juu. Lakini haitadaiwa kama haimo kwenye mpango.

Na mpango ndio kazi yenyewe. Barua ya pingamizi hupigania ploti moja. Mpango wa matumizi ya ardhi huamua orofa ngapi, wapi, kwa masharti gani, kwa miaka mingi ijayo. Maafisa na bodi hawawezi kudai kitu ambacho mpango haukitaji, hata kama wanakubaliana nawe. Ajabu ni kwamba mkutano wa ploti ya jirani hujaa hadi watu wanasimama mlangoni, na mkutano wa maoni kuhusu mpango huwa na viti vitupu, maajenti wa ploti na sisi wachache wa kila siku. Nakuru si wageni wa kazi hii. Miaka ya 1990 mji huu ulikuwa miongoni mwa michache ya majaribio ya Umoja wa Mataifa ya kushirikisha wakazi katika kupanga miji, pamoja na Essaouira ya Morocco na Vinh ya Vietnam.

Kama mtaa wenu hauna chama, sajilini. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inavitambua vyama vya wakazi vilivyosajiliwa na kuvipa nafasi ya kupendekeza mtu kwenye bodi. Kundi la WhatsApp halihesabiki, hata likiwa na watu mia tatu na mwanasheria.

Kibali kikishatoka, pitieni pale kila wiki na simu mkononi. Kuanza kujenga bila kibali kuna faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa mwenye jengo la mamilioni, hiyo ni hela ya rangi. Kinachomtia hofu ni notisi ya kusimamisha kazi mafundi wakiwa wameshalipwa, na notisi hiyo ni rahisi kutolewa msingi ukiwa bado wazi.

Ile fleti yetu ina wapangaji tayari. Tangi lipo, jakaranda zipo. Magari yamejaa barabarani pande zote mbili, kwa sababu sharti la maegesho halikutaja idadi na mwenye jengo aliona tisa zinatosha. Tangu hapo, kila sharti tunalopendekeza lina tarakimu.