Mwanangu, kuhusu hilo duka lenu la ushirika

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikia, ingawa bodaboda zilikuwa zinakumeza nusu ya maneno. Unauliza hisa za hilo duka la vyakula mnalotaka kuanzisha nyie wa kikoba cha Chuno hapo Mtwara ziwe elfu ishirini au elfu hamsini. Sa mi nilitegemea uniulize nani atashika daftari, kwa hiyo nakujibu hilo kwanza.

Anayeshika ufunguo asishike daftari. Najua mshachoka kulisikia, baba yenu hata ananicheka, lakini we si unalijua lile banda la bati karibu na mwembe wa bibi, mlipokuwa mnaenda kufukuza popo? Basi lile ndo lilikuwa duka la kijiji. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakaambiwa yafungwe biashara iwe ya kijiji, na mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, mpaka vinakuja kurudishwa kwa sheria ya 1982 watu wengi walikuwa hawajui tena kipi chao kipi cha serikali. Bibi yako alijua. Alilipa hisa yake kwa hela ya korosho zake mwenyewe, sio za babu, na kadi yake iko mpaka leo kwenye lile sanduku la shangazi yako.

Sasa baada ya vita vya Kagera vitu vikapotea kabisa. Sabuni hamna, sukari hamna, nguo ndo usiseme, watu wanajifunga magunia. Siku moja tukasikia duka limeletewa kanga za Urafiki, doti chache tu na wanachama wengi, ikaamuliwa watu wachague vikaratasi kwenye kofia, mwenye alama ya msalaba ndo anapata. Bibi yako akachagua, akapata msalaba. Nilikuwepo, nilimshikia mtoto. Muuza duka akamwambia njoo kesho doti zinahesabiwa, kesho yake akaambiwa njoo Jumatatu, Jumatatu zimeisha. Zimeishaje na vikaratasi vilihesabiwa? Yule bwana alikuwa na ufunguo, alikuwa na daftari, na mwenyekiti alikuwa shemeji yake. Bibi akaandikwa kabisa kwamba kachukua!

Msimu wa unyago ukafika, tuko uwanjani ngoma inalia, tunaiona doti yenyewe kiunoni kwa mke wa mwenyekiti, mpyaaa, bado ina harufu ya kiwandani. Bibi yako hakupiga kelele. Aliingia kati akicheza taratibu hadi mbele ya yule mama, akafungua pindo la kanga yake kuukuu, akatoa kile kikaratasi chenye msalaba akakinyoosha juu, anacheza nacho. Wanawake wote wakaelewa. Vigelegele vilipigwa pale sijawahi kuvisikia tena, na yule mama akaondoka kabla pombe haijaletwa. Hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu, alafu nikishacheka napata hasira maana kanga hatukuipata.

Lakini nisiwe muongo, duka lile lilitusaidia. Wewe umekua daraja la Mkapa la mto Rufiji lipo, hujui mambo ya kivuko cha Ndundu. Masika yakianza njia ya Dar inakatika, magari yanalala njiani wiki na zaidi, na mtu mwenye mfuko wa chumvi ndani kwake anakuwa mfalme. Duka la kijiji likiwa na chumvi na mafuta ya taa bei ilikuwa ileile, mvua isiwe mvua. Kwa hiyo mtu akisema ushirika ni wizi mtupu nambishia, na akisema ushirika ndo mkombozi nambishia pia, kwa nguvu zaidi.

Sasa hiyo video uliyonitumia ya wale wafumaji wa Rochdale kule Uingereza, mwaka 1844, watu 28 na kiduka chao cha unga na siagi na mishumaa. Nimeipenda. Kila mtu kura moja hata awe na hisa nyingi, faida inagawiwa kulingana na mtu kanunua kiasi gani dukani, mzani wa haki. Ila nyie mmeruka pale waliposema wanauza kwa pesa taslimu, hamna kukopesha. Hapo ndo penyewe. Wale wengi wao walikuwa wanaishi kwa ujira. Sisi huku hela inakuja na korosho, Oktoba Novemba Desemba kila mtu tajiri, mnada ukipita watu wananunua mabati na spika, Machi hamna mtu mwenye hata ya unga. Mkifungua duka la pesa taslimu, Machi mtakaa mnaangaliana.

Mkikopesha nako, daftari linajaa ndugu na majirani, na nani atamdai mama mkwe wake? Nilikuwa naona jibu ni rahisi, msikopeshe basi. Alafu nikawaza, yule mama mliyemnyima kilo tano za unga anaenda wapi? Anaenda kwa mtu wa kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, anapewa unga leo, Oktoba anakuja kuchukuliwa korosho kwa bei ya kutupa hata AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, haizioni. Kwa hiyo duka lenu safi la haki ndo litakuwa limemsukuma kule. Sijui. Labda mkopeshe mwanachama mwisho nusu ya hisa yake, ili asipolipa mnakata humohumo, na hapo elfu hamsini inaanza kuwa na maana, lakini mwenye elfu hamsini sio yule mwenye njaa Machi. Unaona? Kila nikigeuza linarudi.

Mahindi na maharage mchukue Songea moja kwa moja, siku hizi lami hadi kule, msiende kuongezewa bei na mtu wa kati hapo sokoni. Mzani mpeleke kwa Wakala wa Vipimo upigwe muhuri. Kwa afisa ushirika wa manispaa nendeni mapema, usajili sio wa wiki moja. Na anayeshika ufunguo asishike daftari, hata akiwa ni wewe, na najua wenzako watakuchagua wewe maana una mwandiko mzuri.

Kama ujiunge au usijiunge mi sisemi. Ninalo la kusema, tena lipo hapa mdomoni, ila we mtu mzima na hela ni yako. Hilo la elfu ishirini au hamsini muulize baba mdogo wa Masasi, si ndo karani.

Ijumaa nashuka Mtwara kumwona mjukuu. Kama mna kikao nitakuja, nitakaa nyuma kwenye mkeka, kimya. Labda waniulize.

Mama yako