Monita mpya: ipime kabla hujatupa boksi

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya monita. Nyingi zinazofika Kigoma zimetoka Kariakoo kwa basi au kwa treni, na kwa reli tu kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Kasoro ukiigundua mwezi wa pili, gharama ya kuirudisha peke yake inakukatisha tamaa. Ndiyo maana majibu yangu mengi yanahusu siku ile ya kwanza.

*Fundi, habari za kazi. Mzigo wangu umefika jana, monita ya inchi 24, lakini boksi limebonyea kona moja. Nifungue au nirudishe? Mama wa steshenari, Mwanga.*

Nzuri, mama. Usirudishe kitu ambacho hujakiona, na usisaini popote kwamba umekipokea kikiwa kizima. Piga picha ya hiyo kona huku gundi ya boksi haijaguswa, kisha kijana mmoja ashike simu na kurekodi wewe ukifungua. Video isiyokatwa muuzaji hawezi kuipinga kirahisi. Ukishaitoa, linganisha namba iliyobandikwa nyuma ya monita na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, mpigie muuzaji kabla hujachomeka chochote.

Tandika blanketi mezani, ilaze monita kifudifudi, ndipo ufunge stendi. Mkono ushike fremu, si kioo. Ukiiwasha ukaona doa jeusi kama wino uliomwagika, au mistari iliyotawanyika kutoka kwenye ile kona, paneli, yaani kile kioo chenyewe kinachotoa picha, imepasuka kwa ndani. Hapo usihangaike kutafuta fundi, hata mimi. Paneli mpya na ufundi wake gharama yake inakaribia monita nyingine. Irudi na video yako.

Yale mapande meupe yanayoishikilia ndani ya boksi yahifadhi hata kama yanakujazia stoo. Bila hayo hakuna usafiri wa kurudi.

*Shikamoo fundi. Nimeunganisha monita mpya na kompyuta ya zamani ya baba. Picha inatoka ila maandishi yana ukungu, na sura za watu zimekuwa pana. Mwanafunzi, Katubuka.*

Marahaba mwanangu. Monita haina ubaya wowote. Kila monita ya LCD, yaani hizi bapa za siku hizi, imetengenezwa na idadi yake ya nukta, yaani pikseli, na haiwezi kuziongeza wala kuzipunguza. Kama yako ni inchi 22 ya kawaida, ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwenda chini. Kompyuta ya baba yaelekea inatuma picha ya 1024 kwa 768. Ili kujaza kioo, kila nukta iliyotumwa inabidi ienee nukta 1.875 kwa upana na 1.4 hivi kwenda chini. Nukta haitumiki nusu, kwa hiyo monita inachanganya rangi za nukta zinazopakana, na herufi zinapoteza kingo zake. Sura zimepanuka kwa sababu picha ya umbo la 4 kwa 3 imevutwa ikajaza kioo cha 16 kwa 9.

Bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu pa skrini, ingia kwenye mipangilio ya skrini, uchague kipimo ambacho Windows yenyewe imekiandikia kwamba ndicho inachopendekeza. Kama 1920 kwa 1080 haimo kabisa kwenye orodha, mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, ndiyo haijawekwa. Maandishi yakiwa madogo mno kwa macho ya baba, usishushe kipimo. Ongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125.

Bado kuna waya. Kama ni ule wa VGA, wenye pini 15 na mara nyingi kichwa cha bluu, picha inasafiri kwa mawimbi ya analojia na monita inabaki kukisia kila nukta inaanzia wapi. Fungua ukurasa uliojaa maandishi hadi kingoni, kisha bonyeza kitufe cha monita cha kujirekebisha. Watu wengi hukibonyeza skrini ikiwa tupu halafu wanashangaa hakuna kilichobadilika. Kama kompyuta ina tundu la HDMI, linalotuma picha kwa tarakimu bila kukisia, iache VGA ipumzike.

*Kuna kidoti cha kijani karibu na katikati ya kioo, hakifutiki. Muuzaji anasema ni kawaida. Ananidanganya? Mwalimu, Kasulu.*

Hakudanganyi, mwalimu, ila amesema nusu.

Monita ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kila moja imegawanyika vipande vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Jumla ni vipande zaidi ya milioni sita, kila kimoja na transista yake ndogo ya kukiamuru kipitishe mwanga au kizuie. Viwanda vikatafuta namna ya kukubaliana ni kasoro ngapi zivumiliwe. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2001, ISO 13406-2, kiliweka madaraja, na watengenezaji wengi wakajipanga kwenye daraja la pili: kwa kila pikseli milioni moja, zivumiliwe mbili zinazowaka muda wote, mbili zilizozimika kabisa, na vipande vitano vyenye hitilafu. Baadaye kiwango hicho kilipisha ISO 9241-307. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kukataa kubadilisha monita kwa kidoti kimoja. Lakini muuzaji ni mtu mwingine, na duka lina utaratibu wake. Ukidai ndani ya siku chache, risiti ikiwa mkononi na kidoti kikiwa katikati ya kioo, wengi hulegea. Kingekuwa pembeni kabisa ningekushauri ukizoee.

Kabla ya kudai, hakikisha. Futa kwanza, isije ikawa vumbi. Kisha tengeneza kwenye programu ya Paint picha tano zenye ukubwa wa skrini yako, kila moja rangi moja tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu. Zifungue moja moja zijaze kioo chote, usogee karibu na ukague kwa utulivu kona hadi kona. Nukta inayong'aa kwenye nyeusi imeganda ikiwa wazi. Nukta nyeusi kwenye nyeupe imekufa. Iliyoganda wakati mwingine huzinduka ukiiwekea rangi zinazobadilika haraka haraka kwa saa kadhaa, na ukijaribu hupotezi kitu. Iliyokufa hairudi.

Kuna wanaokushauri uibonyeze kwa kidole gumba. Wao hawatakununulia nyingine.

*Usiku nikizima taa, picha nyeusi inaonyesha mwanga kwenye kona. Ni kasoro? Bangwe.*

LCD haitoi mwanga wake yenyewe. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na weusi unaouona ni taa hiyo imezuiwa, si kwamba imezimwa. Mwanga kidogo lazima upenye. Sogeza kichwa huku na huku: ukibadilika au kupotea, ni tabia ya paneli za aina ya IPS. Ukibaki palepale kama doa, unavuja kwenye ukingo wa fremu. Uamue kwa mwangaza unaotumia kila siku, si kwa asilimia mia, wala usiamue kwa picha ya simu, maana kamera huukuza mwanga wa gizani. Kama kwenye filamu yenye giza huuoni, endelea na maisha.

*Asalaam aleikum fundi. Napiga picha za pasipoti hapa Ujiji. Kwenye monita mpya picha inapendeza sana, nikichapa inatoka nyeusi na uso umepauka. Printa imekufa?*

Waaleikum salaam kaka. Printa iache kwanza.

Monita hutoka kiwandani mwangaza ukiwa juu ili dukani ionekane kuzidi zilizo jirani. Nyingi za kawaida hufikia kandela 250 kwa mita ya mraba, ilhali kazi ya picha za kuchapa huhitaji kama 120. Karatasi haina taa ndani. Inarudisha tu mwanga wa chumba. Wewe unaona picha angavu, unaipunguza mwanga, karatasi inatoka giza. Chukua karatasi ileile unayochapia, iweke kando ya kioo chini ya taa yako ya kazi, fungua ukurasa mweupe mtupu, ushushe mwangaza hadi vyeupe viwili vilingane. Hakuna kifaa cha kununua hapo.

Kisha rangi. Kwenye menyu ya monita toa mtindo wa sinema au wa michezo, weka ule wa sRGB, yaani rangi za kawaida zisizokolezwa, au kama haupo, joto la rangi la 6500. Mitindo ile ya dukani hukoleza wekundu, na ngozi zetu ndizo zinazoumia: unaona uso mwekundu, unapunguza wekundu kwa programu, karatasi inatoa uso wa kijivu. Huenda kupauka unakokusema ndiko huko.

Chora pia ngazi ya rangi ya kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe, hatua kumi na tano au ishirini. Hatua za mwanzo zikimezwa zote na weusi, nywele na suti nyeusi za wateja zitamezwa vilevile. Na kama unatumia HDMI na nyeusi inaonekana kijivu, angalia mipangilio ya kadi ya picha. Baadhi ya kadi huidhania monita kuwa televisheni, zikatuma ngazi za rangi kuanzia 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Ibadilishe iwe kamili.

Mwisho, simama uitazame kutoka juu, kisha uiname uitazame kutoka chini. Kama rangi zinageuka sana, paneli yako ni ya aina ya TN, inafaa kwa hesabu na barua. Kwa studio ningetafuta IPS, ambayo rangi zake hazigeuki hivyo.

*Hapa Gungu umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Ninunue stabilaiza? Na plagi iliyokuja ina pini mbili za mviringo.*

Soma kibandiko cha nyuma au cha adapta. Karibu zote zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukishuka kutoka 230 yetu hadi 180, monita haijali. Kinachoua ni ule mshtuko wa kurudi. Umeme ukikatika chomoa, na ukirudi subiri dakika chache. Kama kuna fedha, nunua UPS, kile kifaa chenye betri ndani, kuliko stabilaiza, kwa sababu inaiokoa na kazi yako pia. Monita yenyewe haina ulaji: ya inchi 24 hula wati 25 hivi, saa nane hazizidi uniti 0.2 ya LUKU.

Plagi sasa. Ule mtindo wa kutumbukiza kalamu kwenye tundu la juu ili pini mbili ziingie, uacheni. Soketi zetu zimetengenezwa kwa plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani. Kama tundu la nyuma ya monita ni lile la kawaida, waya wowote mzima wa kompyuta wenye pini tatu unaingia.

*Nisafishie nini kioo? Spiriti?*

Hapana. Uso wake ni plastiki laini, si kioo cha dirisha. Spiriti na dawa za madirisha huutia mabaka. Zima, tumia kitambaa laini cha miwani kilicholoweshwa maji kidogo. Maji yapakwe kwenye kitambaa, si kwenye kioo.

*Nataka kununua ya mtumba hapa Tabora mjini. Niangalie nini?*

Nenda na zile picha tano kwenye flashi, na uombe iwake nusu saa, si dakika mbili. Za zamani zina mirija ya mwanga badala ya LED. Iliyochoka huanza na wekundu au unjano na huchelewa kung'aa. Ikiwaka sekunde chache kisha ikazima huku taa ya kitufe bado inawaka, mfumo wa taa ya nyuma una ugonjwa. Bonyeza kila kitufe, tikisa waya kwenye kila tundu. Muuzaji akikataa iwashwe muda mrefu kwa sababu ya umeme, mpe hela ya umeme.

*Boksi limeandikwa hezi 75 lakini kompyuta inaonyesha 60.*

Hezi ni mara ngapi picha inachorwa upya kwa sekunde, na monita haijipandishi yenyewe. Ingia mipangilio ya kina ya skrini (advanced), chagua 75. Isipokuwepo, badili waya au tundu ujaribu tena.